Kwa Aliyenibeba Kutoka Korongoni

Mpendwa uliyekuwa mchumba wangu,

Nimehangaika sana na hilo jina la kuanzia. Jina lako halisi silitaki humu, maana barua hii naiandika wazi, na mkeo akiisoma sitaki anune akuletee chai ya baridi kwa ajili yangu. "Mpenzi" haifai tena. "Shemeji" walikuwa wanakuita wadogo zangu, si mimi. Basi ubaki hivyo hivyo, uliyekuwa mchumba wangu. Kama unajiuliza ni yupi kati ya wote, wewe ni yule aliyenibeba mgongoni. Hawakuwa wengi, usijidanganye.

Mimi sijambo. Bado nipo Mabibo, bado nafundisha darasa la tatu, bado natoka shule na chaki mpaka kwenye nyusi. Wanafunzi wa hosteli bado wanapiga singeli mpaka vyombo vinatikisika kabatini. Kilichobadilika ni kwamba baba yangu anaishi kwangu tangu mvua zilizopita, macho yanamsumbua na hospitali kubwa ziko huku. Anashinda barazani na redio yake, akisikia hatua za mtu anauliza, "Nani huyo?" Yeye ndiye aliyenifanya nikuandikie, na nitafika huko. Kwanza nataka tuirudie ile safari, kwa sababu naona miaka yote hii mimi na wewe tumekuwa tunaikumbuka vibaya.

Unakumbuka tulivyoondoka? Noah ya kuazima, umeiosha mwenyewe pale Tandika mbele ya kibanda chako cha kutengenezea friji, unang'aa kuliko gari. Baba yako mkubwa kakaa mbele, kanzu imenyooshwa pasi, kofia kaiweka mapajani isikunjike. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga. Alikuwa dalali wa mbuzi Vingunguti tangu ujana wake, na mtu wa kazi ile hawezi kumpita mbuzi bila kumtia bei. Chalinze alitusimamisha. Kabla ya Morogoro alitusimamisha tena. Tulipoingia Mikumi, ambako hakuna mbuzi, akaanza na swala.

"Yule pale wa mwisho," akasema, "ukimfikisha machinjioni Ijumaa asubuhi, hata mswaki hupati muda wa kupiga, keshauzwa."

"Baba mkubwa," ukamwomba, "tunaenda kuoa jamani, siyo kuchinja."

"Yote hayo ni mapatano tu, mwanangu."

Mie huko nyuma nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ruaha Mbuyuni ukanunua vitunguu kiroba kizima vya kupeleka ukweni, nikakwambia kwetu vitunguu vinalimwa, utaonekana umewaletea chao wenyewe. Ukanunua na karanga za kuchemsha, ukasema hizo basi ni zangu. Tulipoanza kupanda mlima wa Kitonga utani ukakuishia. Mtoto wa Temeke, ardhi yako yote tambarare, mlima mkubwa uliowahi kuupanda ni daraja. Malori yanakoroma mbele yetu, bonde liko kushoto, na wewe umeushika usukani utadhani unataka kukukimbia. Baba mkubwa kwa wakati huo alikuwa anajifunza salamu ya kwetu. "Kamwene," anasema. "Kamwene. Kamwene." Mpaka tunafika juu alikuwa anaisema vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nayo.

Nyumbani nilikuwa nimesema nakuja na basi. Mkanishusha kabla ya senta ya kijiji, nikaenda kwa miguu na begi langu kichwani kama mtoto mwenye adabu, ninyi mkatafuta gesti. Kesho yake asubuhi baba mkubwa akaenda kwetu na mzee mmoja wa pale senta, kubisha hodi.

Taratibu ulikuwa unazijua, nilikufundisha mwenyewe. Kwetu mshenga akiwa ndani, mwoaji hakanyagi uwanja wa nyumba ile mpaka hodi iitikiwe. Binti naye hakai ndani wakati wazee wanazungumza, lakini haendi mbali, maana kuna muda anaitwa mbele ya wageni aulizwe kama anamfahamu huyo anayezungumziwa. Akisema ndiyo, hodi imeitikiwa, mengine yote yanafuata. Ni neno moja tu. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo hapa Mabibo, nikitafuta sauti isiyoonyesha kwamba nina haraka.

"Usiende mbali," shangazi aliniambia.

Nami sikuona kama naenda mbali. Nawajua wazee wa kwetu. Mgeni hasemi shida yake kabla hajala, na hali kabla kuku hajakamatwa, na kuku wa shangazi anajua kukimbia. Kisha yaje mazungumzo ya mvua, ya mahindi, ya nani kafariki na nani mgonjwa. Niliona mpaka waniite jua litakuwa limeshaanza kuinama. Nikaenda senta, nikakukuta umesimama nyuma ya gesti na viatu vyako vipya, mikono mfukoni, macho yamekutoka. Nilikuonea huruma. Nikasema twende nikuonyeshe korongo tulilokuwa tunakatazwa kwenda tulipokuwa watoto, ambalo kwa sababu hiyo tulikuwa tunakwenda kila siku.

Ulipofika ukingoni ukachungulia. Udongo mwekundu umekatika kwenda chini, na katikati zile nguzo za udongo zimesimama zenyewe, kila moja na jiwe lake kichwani. Ukaniuliza ni nani kazijenga.

"Mvua," nikakujibu.

"Acha utani."

"Mvua, nakwambia."

Tukashuka. Ile njia ni ya mbuzi kwa kweli, mahali pengine unashika mizizi na kukaa kitako ujiburure. Ulivua viatu ukavifunga kamba ukavivaa shingoni, kwa sababu ulisema hivyo ni vya ukweni. Kwenye ule mpasuko wa kupita ubavu ubavu, tumbo lako la chipsi mayai likakwama, nikakuvuta mkono huku nacheka hadi nguvu zinaniishia.

"Hii njia watu wanapitaga kweli?"

"Watoto wanapita."

"Watoto wa nani hao?"

Ulikuwa unaogopa, nilikuona. Lakini hukusema turudi. Kila nilipogeuka ulinionyesha meno yote. Chini tukakuta kijito chembamba, tukanawa uso, tukaendelea kukifuata mpaka kuta zikawa zinakaribia kugusana juu yetu na mbingu ikabaki ufito wa bluu. Kwetu hapakuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, na sisi chini hatukuiona wala kuisikia.

"Hilo lori limetokea wapi?" ukauliza, uliposikia mngurumo nyuma yetu.

Nikakushika shati. Tulipanda ule mwamba uliojitokeza ukutani kwa kucha, sijui hata nani alimsukuma mwenzake, na tulipogeuka maji yalikuwa yanapita pale tulipokuwa tumesimama, mekundu, yamebeba matawi. Njia ya kurudi ikawa ndani ya maji. Nikatoa simu nikainyanyua juu, hakuna mtandao. Ukanitazama, nikakutazama.

"Watakuwa bado wanakula," ukasema.

"Bado kabisa," nikakubali.

Sasa hapa ndipo nataka uniambie, kama unasoma: ulishawahi tena kuwa na furaha ya namna ile? Mie sijawahi. Tulikaa migongo ukutani, miguu inaning'inia, maji yananguruma chini yetu, tunakula karanga zako. Uliniambia habari za baba yako, jinsi alivyokufa bado unasoma, ukaacha shule ukaenda kushika spana. Uliniambia unaogopa. Si maji, unawaogopa watu wa kwetu.

"Wataniangalia wataona fundi friji wa Tandika," ukasema. "Dini yangu nyingine, kabila lingine, pesa sina. Nikionekana sifai je?"

"Baba hayupo hivyo."

"Wewe ni mwanawe. Lazima useme hivyo."

Tukapanga kufunga ndoa bomani, kila mtu abaki na dini yake. Tukapanga kiwanja Chanika. Kwenye majina ya watoto tukagombana kweli kweli, wewe unataka wa kwanza aitwe bibi yako, mie nasema bibi yako nampenda lakini jina lake litamfanya mtoto achekwe shule. Tulicheka sana hapo. Baadaye shangazi aliniambia kuhusu mchana ule, nami nikapiga hesabu kwa jinsi jua lilivyokuwa limekaa. Muda ule ule tuliokuwa tunacheka ndio waliokuwa wananiita. Alisimama uwanjani akaita. Akatuma watoto kisimani. Akaita tena, na ndani wazee wote wanasubiri, baba mkubwa wako anaitazama kofia yake.

Maji yalipopungua tukashuka kwa haraka, na haraka ile ndiyo iliyonitegua kifundo cha mguu. Nikakaa kwenye matope nikalia. Ukaupapasa mguu, ukaniomba kitenge changu, ukanigeuzia mgongo.

"Panda."

"Wee, watu wataona."

"Watu wako wapi humu? Panda."

Ukanifunga mgongoni kwa kitenge kama mama anavyofunga mtoto, ukasema kwenu mtoto akibebwa hivi analala, hivyo nilale. Sikulala. Nilikuwa nasikia moyo wako unavyopiga kwenye kifua changu. Ulipanda njia ile ya mbuzi kwa mikono na magoti, udongo unaporomoka, unasimama, unahema, unasema "bismillahi" unaanza tena. Kwenye mpasuko ukanifungua, ukanipitisha kwanza, ukanifunga upya. Tulipofika juu ulikaa chini, ukageuka kunifuta uso.

Tulipolifikia shamba la mahindi la jirani, nyumba yetu inaonekana pale mbele, nikakwambia uniache hapo hapo.

"Nishushe. Nitapiga kelele watakuja kunichukua. Usikanyage uwanja."

"Nikuache njiani na mguu umevimba hivi, jioni hii?"

"Utaharibu kila kitu."

"Basi nimeharibu," ukasema. "Mie siwezi."

Ukaingia. Wazee wote walikuwa wametoka nje, wamekaa kwenye viti, wanasubiri. Uko pekupeku, viatu shingoni, mwekundu kuanzia nywele hadi vidole, na binti yao mgongoni. Baba mkubwa wako alijifunika uso kwa kofia yake. Ukasema, "Shikamoo baba," na baba yangu hakuitikia. Alisimama, akafungua kile kitenge kwa mikono yake, akanipokea, akanipa shangazi. Kisha akamgeukia mshenga.

"Mzee mwenzangu, mchukue kijana wako. Hodi yenu hatujaitikia na yeye keshaingia."

Hakupaza sauti. Mkaondoka jioni ile ile. Nilisikia gari linawaka kule senta huku mama ananikanda mguu kwa maji ya chumvi. Ulipofika Ilula ukanitumia ujumbe, "Mguu vipi?" Hukuuliza kingine.

Halafu tukasubiri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko korongo lenyewe. Kwenu, mtu akishaambiwa aondoke, kurudi bila kuitwa ni kukosa haya, kwa hiyo baba mkubwa wako akakaa Vingunguti akingoja kuitwa. Kwetu, na hili nimelijua juzi tu, aliyekanyaga uwanja ndiye anayerudi, na mshenga wake na mbuzi wa kusafisha uwanja, anabisha hodi upya na anapokelewa, kwa hiyo baba yangu akakaa kijijini akingoja wageni. Baba mkubwa wako, dalali wa mbuzi! Angetuletea mbuzi ambaye mkoa mzima haujawahi kumwona. Sie wawili tulikuwa tunaongea kila siku kwenye simu. "Wazee wamesemaje?" "Bado. Kwenu?" "Bado." Binti hamuulizi baba yake habari za posa yake mwenyewe, na kijana hamsukumi mshenga wake. Tulilelewa vizuri, mimi na wewe. Kila nilipomuuliza mama kwa kuzunguka zunguka, alikuwa ananijibu, "Tulia, watarudi," nami nikadhani ananifariji tu.

Siku uliyonikuta sokoni Mabibo nimeshika mkungu wa ndizi, nilijua kabla hujafungua mdomo. Ulikuwa huniangalii.

"Nyumbani wamenitafutia mtu," ukasema. "Wa hapo hapo Mbagala."

"Hongera," nikakwambia. Eti hongera. Mtu mzima na akili zangu.

"Usiwalaumu wenu," ukasema. "Wameniona wakanipima. Mie sikufaa tu."

Ukanichukulia ule mkungu, ukaubeba mpaka mlangoni kwangu, ukautua taratibu, ukaondoka. Ndizi zile ziliivia jikoni mpaka zikaoza, sikuweza kuzigusa. Kila niliyemwambia alinipa jibu moja, kwamba ilikuwa dini, nisijisumbue, hayo yalikuwa yanajulikana tangu mwanzo. Lilikuwa jibu jepesi kulibeba, nikalibeba. Nilimkasirikia baba kimya kimya. Mama alipofariki nilimzika nikiwa na hasira hiyo hiyo, na nikarudi Dar bila kukaa naye hata arobaini iishe.

Juzi friji yangu imegoma. Nikaita fundi, kijana mmoja wa Kiwalani, akawa anagonga gonga huko jikoni. Baba barazani akazima redio. Nilipompelekea chai akanishika mkono.

"Ni yule kijana wa Temeke?"

"Hapana, baba. Ni fundi mwingine."

"Yule kwa nini hakurudi?"

Chai ilinimwagikia mkononi. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea baba yangu, "Ulimfukuza, baba. Ulimfukuza mbele ya watu."

"Nilimfukuza, ndiyo. Ulitaka nifanyeje, na wazee wote wamekaa? Alikanyaga uwanja. Alitakiwa arudi na mbuzi, abishe upya, basi." Akauachia mkono wangu. "Usiku ule ule nilimwambia mama yako, mkwe nimepata. Niliwahi kushindwa kumpandisha ndama kwenye korongo lile, na nilikuwa kijana. Yeye kampandisha mtu mzima, halafu amejua kabisa akiingia ataharibikiwa, na akaingia. Ningetafuta nini tena?"

"Na dini, baba?"

"Dini nani aliizungumza? Mimi niliizungumza?"

Alinywa chai yake. Baadaye akasema, kama anaongea na redio, "Nilidhani mtu aliyetoka kule chini, kurudi kwetu hakutamshinda." Nikaenda jikoni nikamwambia fundi aondoke, arudi kesho, maana nilitaka kulia kwenye nyumba isiyo na mgeni.

Sitaki kitu kwako. Nasikia una watoto wawili na kibanda kimekuwa duka, na nafurahi, japo furaha yenyewe ina kichomi. Nimejaribu kuijutia siku ile na nimeshindwa kuigawa vizuri. Nikisema laiti tusingeshuka, nakuwa nimeyatupa na yale masaa ya pale kwenye mwamba, na hayo siyatoi kwa mtu yeyote. Ninachojutia ni miezi ile yote ya "bado" na "bado", simu mbili za watu wawili waliopendana, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuwa mkosefu wa adabu kwa dakika moja. Ningempigia baba. Ungemtia baba mkubwa kwenye basi. Kitu kidogo hivyo.

Nimekuandikia kwa sababu ya lile neno ulilolisema sokoni, kwamba ulionekana ukapimwa ukawa hufai. Nawaza umekaa nalo miaka yote hii, kila unapovaa shati kwenda mbele ya watu wazima. Naomba ulitupe. Baba yangu alikukubali siku ile ile, ukiwa pekupeku na umejaa matope, kabla hata hajafungua kitenge.

Msalimie mama watoto, na umwambie baba mkubwa kamwene.

Ni mimi, niliyekuwa mchumba wako.